Namna ya Kuieleza Elektroni ya Atomu kwa Namba Nne za Kwanta

Maji ya wali yaliyotiwa chumvi yakifurika na kumwagikia mwali wa jiko la gesi, mwali ule wa buluu hugeuka manjano kwa kitambo kidogo, kisha huirudia rangi yake. Umanjano huo hutoka kwenye atomu za sodiamu zilizomo katika chumvi. Joto la mwali huipandisha elektroni ya nje kabisa ya atomu kutoka mahali paitwapo 3s hadi mahali paitwapo 3p, na elektroni hiyo inaposhuka tena hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 589. Majina hayo, 3s na 3p, ni ufupisho wa namba za kwanta, yaani namba zinazotaja hali ya elektroni ndani ya atomu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzisoma namba hizo, kuziandika bila makosa, na kuzitumia kwa atomu yoyote utakayopewa.

Nchini Tanzania mwanafunzi hukutana na mada hii katika kemia ya kidato cha tano na cha sita, tena kwa Kiingereza, na mara nyingi huipokea kama jedwali la mipaka ya kukariri: namba hii huanzia hapa, ile huishia pale. Naamini kukariri huko ndiko kunakowapotosha wengi, kwa sababu mipaka ya namba hizi haikuwekwa kama amri zisizo na sababu. Kila namba huiwekea mpaka ile inayoifuata, na kila mpaka una maana yake. Anayezipanga kwa mfuatano wake, huku akijua kwa nini kila mpaka upo pale ulipo, hubakiwa na mambo machache sana ya kukariri.

Namba hizi zinahesabu nini

Elektroni ndani ya atomu haikizunguki kiini kwa njia moja inayojulikana, kama mwezi unavyoizunguka dunia. Hivyo ndivyo Niels Bohr alivyoichora mwaka 1913, na mchoro wake uliieleza vizuri hidrojeni lakini ukashindwa kwa atomu zenye elektroni nyingi. Tangu Erwin Schrödinger alipotoa mlinganyo wake mwaka 1926, elektroni huelezwa kama wimbi lililofungiwa karibu na kiini, na wimbi lililofungiwa halitikisiki vyovyote vile. Uzi wa zeze uliokazwa ncha zote mbili hutikisika kwa tumbo moja, mawili au matatu. Hauwezi kutikisika kwa matumbo mawili na robo. Uzi una urefu tu, basi namba moja yatosha kuutaja mtikisiko wake. Ngozi ya ngoma ina urefu na upana, nayo huhitaji namba mbili. Atomu ina urefu, upana na kina, na ndiyo maana wimbi la elektroni huhitaji namba tatu, ambazo huandikwa n, l na mₗ. Wimbi lenye namba zake tatu hizo ndilo huitwa obitali. Namba ya nne, mₛ, haitokani na umbo la wimbi hata kidogo, nayo tutaifikia kwa njia nyingine.

Namba tatu za wimbi

Anza daima na n, namba kuu. Ni namba kamili yoyote kuanzia 1, nayo hutaja ganda ambamo elektroni imo. Katika hidrojeni, yenye elektroni moja tu, n peke yake ndiyo inayoamua nishati, ambayo ni elektronivolti −13.6 zikigawanywa kwa n². Kwa hesabu hiyo ganda la kwanza lina −13.6, la pili −3.4, na la tatu takriban −1.51. Elektroni ikishuka kutoka ganda la tatu hadi la pili huiachia tofauti iliyopo kati yake, yaani elektronivolti 1.89, na tofauti hiyo huonekana kama mwanga mwekundu wa nanomita 656. Mstari huo mwekundu ni mmoja kati ya ile minne ambayo Johann Balmer, mwalimu wa hisabati huko Basel, aliitafutia kanuni mwaka 1885. Kanuni yake ilikuwa na namba 2 na 3 ndani yake, na ilibidi ipite karibu miaka thelathini kabla haijafahamika kwamba namba hizo zilikuwa zikihesabu maganda.

Ukishaijua n, tafuta l, ambayo huanzia 0 na kuishia n − 1. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, maana mwanafunzi huandika n = 3 na l = 3 bila kusita, kwa hiyo inafaa kuona mpaka huo unatoka wapi. Kila obitali ina nyuso ambazo juu yake uwezekano wa kuikuta elektroni ni sifuri, kama zile nukta za uzi wa zeze ambazo hubaki zimetulia kati ya tumbo na tumbo. Idadi ya nyuso hizo daima ni n − 1. Baadhi yake ni matufe yanayokizingira kiini, na nyingine hupita katika kiini chenyewe. Namba l huhesabu zile zinazopita katika kiini peke yake, na kwa kuwa sehemu haiwezi kuizidi jumla, l haiwezi kuizidi n − 1. Obitali ya 3p, kwa mfano, ina nyuso mbili za sifuri kwa kuwa n ni 3. Mmoja wake hupita katika kiini kwa kuwa l ni 1, na ule uliobaki ni tufe.

Kwa desturi l haiandikwi kwa tarakimu bali kwa herufi: 0 ni s, 1 ni p, 2 ni d, na 3 ni f. Herufi hizi ni za zamani kuliko nadharia yenyewe. Waliokuwa wakichunguza spektra za metali, yaani mistari ya rangi ionekanayo mwanga wake unapotawanywa, katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 waliigawa mistari waliyoiona katika mafungu, fungu la mistari mikali, la mistari mikuu, la mistari iliyotawanyika na la mistari ya msingi, na herufi za mwanzo za majina hayo ndizo tulizorithi. Hazina maana nyingine iliyofichika, na hakuna haja ya kuitafuta. Obitali ya s ni mviringo kama tufe; ya p ina mapande mawili yanayotazamana, kiini kikiwa katikati; za d nyingi zina mapande manne.

Katika atomu yenye elektroni zaidi ya moja, l nayo huingia katika nishati. Elektroni za ndani humkinga yule wa nje asivutwe na kiini kwa nguvu zote, ila elektroni ya s hupata nafasi ya kupenya hadi karibu kabisa na kiini, mahali ambapo kinga hiyo ni hafifu. Elektroni ya p hupenya kidogo zaidi ya ile ya d, na ile ya d zaidi ya ile ya f. Hivyo ndani ya ganda moja s huwa na nishati ya chini kuliko p, na p kuliko d. Tofauti ya 3s na 3p katika sodiamu, iliyoupaka mwali rangi ya manjano, ina asili yake hapa. Katika hidrojeni mahali pawili hapo pana nishati ambayo karibu ni ileile.

Namba ya tatu, mₗ, hutaja namna obitali ilivyoelekea kuhusiana na mhimili mmoja uliouchagua. Huanzia −l, hupitia sifuri, na kuishia +l, kwa hiyo thamani zake ni 2l + 1. Mpaka huu nao una sababu. Elektroni yenye l ina momenta ya mzunguko, yaani kipimo cha mzunguko wake, yenye ukubwa wa kipeuo cha pili cha l(l + 1), kwa kipimo ambacho wanafizikia huandika ħ, na mₗ ni kiasi cha momenta hiyo kinachoangukia kwenye mhimili wako. Fikiria fimbo iliyoinamishwa wakati jua liko utosini. Kivuli chake ardhini huwa kirefu au kifupi kadiri ilivyoinamishwa, lakini hakiwezi kuizidi fimbo yenyewe. Kwa l = 1 fimbo ina urefu wa takriban 1.41, basi kivuli chaweza kuwa −1, 0 au +1, ishara ikionyesha upande kilipolalia, na hakiwezi kuwa 2.

Atomu ikiwa peke yake, mₗ haibadilishi nishati, kwa sababu katika anga tupu hakuna upande ulio bora kuliko mwingine. Ukiiweka ndani ya uga wa sumaku, upande mmoja unakuwa tofauti na mingine, na mstari mmoja wa spektra hugawanyika kuwa kadhaa. Pieter Zeeman aliliona jambo hilo huko Leiden mwaka 1896.

Namba ya nne ilikotoka

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mkondo mwembamba wa atomu za fedha kati ya ncha za sumaku ambayo uga wake ulikuwa na nguvu zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili. Mkondo uligawanyika kuwa miwili. Tulia hapa ufanye hesabu mwenyewe kwa kanuni ya 2l + 1: l ikiwa 0 utapata mkondo mmoja, ikiwa 1 utapata mitatu, ikiwa 2 utapata mitano. Ni namba witiri daima, na mbili haimo. Tena leo tunajua kwamba elektroni ya nje ya fedha imo katika 5s, ambako l ni 0, kwa hiyo mzunguko wake kukizunguka kiini hauwezi kuleta mgawanyiko wowote. Kuna kitu kingine kilichokuwa kikisukumwa na sumaku.

Mwaka 1925 vijana wawili wa Leiden, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walipendekeza, kwa kuongozwa na ushahidi wa spektra, kwamba elektroni yenyewe ina momenta yake ya asili, ambayo huitwa spini. Tumia kanuni ileile ya kuhesabu pande: ikiwa 2s + 1 ni sawa na 2 (s hapa ni namba ya spini, si ile herufi ya obitali), basi s ni ½, na mₛ ina thamani mbili tu, +½ na −½. Ndiyo sababu ya nusu ile ambayo huwashangaza wanaoikuta mara ya kwanza. Usiichukulie spini kama pia ya watoto inayozunguka, kwa kuwa hakuna sehemu ya elektroni inayoweza kuonyeshwa ikizunguka; ni sifa ya elektroni kama vile chaji yake ilivyo sifa yake.

Rangi ya sodiamu inathibitisha haya kwa uzuri mkubwa. Ukiutawanya mwanga wake kwa kifaa kizuri utaona mistari miwili iliyokaribiana sana, ya nanomita 589.0 na 589.6. Katika 3p elektroni ina usumaku wa mzunguko na usumaku wa spini, na viwili hivyo vyaweza kukubaliana au kupingana, jambo linaloigawa 3p kuwa ngazi mbili. Katika 3s, ambako l ni 0, hakuna cha kukubaliana nacho, na ngazi hubaki moja.

Mwaka huohuo wa 1925 Wolfgang Pauli alitoa kanuni inayoziunganisha namba zote: katika atomu moja, elektroni mbili haziwezi kuwa na namba zote nne zinazofanana. Uwezo wa kila ganda hutoka hapa bila kukariri. Obitali moja tayari imefunga n, l na mₗ, basi zimebaki thamani mbili za mₛ, na kwa hiyo ni elektroni mbili. Ganda dogo ni obitali zote zenye n na l zilezile: la s hubeba 2, la p 6, la d 10, la f 14. Ukijumlisha maganda madogo yote ya ganda lenye n utapata 2n², yaani 2, 8, 18, 32.

Kuijaza atomu halisi

Tuchukue chuma, chenye namba atomia 26. Ili kujua ni ganda dogo lipi linalojazwa kwanza, jumlisha n na l: lenye jumla ndogo hutangulia, na jumla zikilingana hutangulia lenye n ndogo. 3p ina jumla ya 4, nayo 4s ina jumla ya 4, basi 3p hutangulia. 3d ina jumla ya 5, hivyo 4s huijaza nafasi yake kabla ya 3d. Elektroni 26 za chuma hukaa hivi, namba ndogo ya juu ikiwa idadi ya elektroni: 1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 4s² 3d⁶. Kanuni hii ni msaada wa kazi tu, na atomu kadhaa huivunja. Kromi huishia 3d⁵ 4s¹ na shaba 3d¹⁰ 4s¹, na katika mtihani hizo mbili ndizo zinazoulizwa kuliko nyingine.

Elektroni sita za 3d zigawanye katika obitali tano kwa kanuni ya Friedrich Hund: kila obitali hupata elektroni moja kwanza, zote zikiwa na mₛ inayofanana, na kuoanishwa huanza pale tu obitali tupu zinapokwisha. Tano za mwanzo huchukua mₗ za −2, −1, 0, +1 na +2, kila moja ikiwa na mₛ = +½. Ya sita haina budi kujiunga na mojawapo kwa mₛ = −½. Zinabaki nne zisizo na mwenzi, na usumaku wa atomu ya chuma hutokana nazo.

Sasa swali linalopendwa: andika namba nne za elektroni ya mwisho ya chuma. Jibu la kawaida ni n = 3, l = 2, mₗ = −2, mₛ = −½. Ningependa msomaji ajue kwamba katika jibu hilo n na l pekee ndizo zilizo za lazima. Kuanza na −2 badala ya +2 ni desturi ya uandishi, na kuiita spini ya kwanza chanya nako ni desturi, kwa hiyo mwalimu anayemkosesha mwanafunzi aliyeandika mₗ = +2 anamwonea, isipokuwa kama swali lilitaja desturi ya kufuatwa. Zaidi ya hayo, elektroni hazina alama za kuzitofautisha. Hakuna elektroni ya ishirini na sita inayojijua kuwa ndiyo ya mwisho. Tunazihesabu kwa mfuatano ili hesabu yetu isipotee.

Kuikagua seti uliyopewa

Maswali mengi hukupa seti na kukuuliza kama inawezekana. Ikague kutoka kushoto kwenda kulia, ukisimama pale mpaka wa kwanza unapovunjwa. Seti ya 3, 3, 0, +½ huanguka kwenye l. Seti ya 2, 1, −2, +½ huipita l salama, kisha huanguka kwenye mₗ. Seti ya 1, 0, 0, 0 ni nzuri hadi mwisho, ambako mₛ haiwezi kuwa sifuri. Seti ya 4, 2, −1, −½ inapita, na elektroni yake imo katika 4d.

Aina ya pili ya swali hukupa namba chache tu na kukutaka uhesabu elektroni. Ni ngapi zinaweza kuwa na n = 4 na mₗ = −1? Namba l yaweza kuwa 0, 1, 2 au 3, na mₗ ya −1 hupatikana katika tatu za mwisho. Hizo ni obitali tatu, basi elektroni sita. Ni ngapi zinaweza kuwa na n = 3 na mₛ = +½? Ganda la tatu lina obitali tisa, na kila moja hutoa elektroni moja ya aina hiyo, kwa hiyo ni tisa.

Atomu inapopoteza elektroni

Hapa mfuatano wa kujaza hauwi mfuatano wa kuondoa. Elektroni zenye n kubwa zaidi, ambazo kwa wastani ziko mbali zaidi na kiini, ndizo hutangulia kutoka. Chuma kinapopoteza mbili hupoteza zile za 4s na kubaki na 3d⁶, na kikipoteza ya tatu hubaki na 3d⁵, obitali zote tano zikiwa na elektroni mojamoja. Chuma cha kwenye kutu kiko katika hali hiyo ya kupoteza elektroni tatu.

Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ni mfano mzuri wa kumalizia mazoezi. Shaba ina 3d¹⁰ 4s¹. Ikipoteza elektroni mbili, ya kwanza hutoka 4s na ya pili 3d, ikabaki 3d⁹. Nafasi moja iko wazi. Obitali tano za 3d zina nishati sawa ioni, yaani atomu iliyopoteza elektroni, ikiwa peke yake, lakini ndani ya fuwele ioni ya shaba imezungukwa na molekuli za maji, nazo huufanya usawa huo uvunjike. Elektroni huruka kutoka obitali ya chini kwenda kwenye nafasi iliyo wazi juu kwa kumeza sehemu nyekundu ya mwanga, na jicho hupokea buluu iliyobaki. Ukipasha mrututu moto hadi maji yake yatoke, majirani wa ioni hubadilika, na unga hugeuka mweupe.

Salfeti ya zinki ni nyeupe tangu mwanzo, kwa sababu zinki ikipoteza elektroni zake mbili za 4s hubaki na 3d¹⁰, ambamo hakuna nafasi iliyo wazi. Chukua sasa nikeli, yenye namba atomia 28, uiondolee elektroni mbili, na uandike namba nne za kila elektroni iliyobaki katika 3d. Ukifuata njia iliyoelezwa hapa utapata seti nane, mbili zikiwa za elektroni zisizo na mwenzi na obitali mbili zikiwa bado zina nafasi, na hutashangaa ukiambiwa kwamba chumvi za nikeli zenye maji huwa za kijani.